Maazimio yetu yanarudi na muhuri tu: azimio la wanafunzi huandikwaje?

KatibuMpya · Jumanne, saa 3:12 usiku

Hamjambo makomredi, na wakubwa zetu mliopitia haya.

Nimechaguliwa juzi kuwa katibu mkuu wa chama cha wanafunzi katika chuo cha umma hapa Nairobi. Sitakitaja, na tafadhali msianze kukisia. Kitu cha kwanza nilichokabidhiwa ni faili la maazimio, nene, la kahawia, limefungwa kwa uzi wa kiatu. Kila azimio limepigwa chapa vizuri, nembo ya chama juu, sahihi tatu chini, na pembeni muhuri wa ofisi ya mkuu wa wanafunzi: IMEPOKELEWA. Baada ya muhuri hakuna kitu. Nimepekua lote nikitafuta barua hata moja ya majibu, sikuona. Nilipompigia mtangulizi wangu akacheka: "Wewe andika upate muhuri. Kamukunji, ule mkutano wa wanafunzi wote, ikiuliza, unawaonyesha muhuri."

Sasa wajumbe wananitaka niandike azimio kuhusu maktaba. Shida ni hii. Maktaba yetu hufungwa saa mbili usiku. Wanafunzi wa jioni, wale wanaotoka kazini mjini wakaja moja kwa moja darasani, hutoka darasani saa mbili hiyo hiyo. Wanalipa karo kama sisi, na maktaba wanaiona taa zikizimwa. Na sisi wa mchana tunaobaki kusoma, ikifika saa mbili kasorobo askari anaanza kupita katikati ya meza akigonga funguo kwenye migongo ya viti, kiti kwa kiti. Ukitoka hapo upande matatu ya Rongai au Githurai, ukifika chumbani ni ama umechoka ama tokeni za stima zimeisha.

Rasimu yangu hii hapa:

*KWA KUWA elimu ni ufunguo wa maisha;*
*KWA KUWA Katiba ya Kenya ya 2010 inatambua haki ya kila mtu kupata elimu;*
*KWA KUWA maktaba ndiyo moyo wa chuo kikuu chochote duniani;*
*KWA KUWA vyuo vya ng'ambo hufungua maktaba usiku kucha;*
*KWA KUWA utawala umeendelea kupuuza kilio cha wanafunzi;*
*HIVYO BASI chama kinauagiza utawala kufungua maktaba saa ishirini na nne mara moja na kushughulikia maslahi yote ya wanafunzi.*

Mpangilio uko sawa? "Kwa kuwa" zinatosha au niongeze? Na kwa nini hatujibiwi? Wajumbe wanakutana Alhamisi ya wiki ijayo.

---

Mjumbe_Gigiri · Jumanne, saa 3:40 usiku

Kaka, mimi nimekulia kwenye vikao vya kuigiza Umoja wa Mataifa tangu sekondari, kwa hiyo nitakupa mtindo wa kule. Azimio la UN ni sentensi moja ndefu. Kiima chake ni jina la kikao chenyewe, na kila kitu kinachofuata kinaning'inia hapo. Aya za mwanzo huanza na maneno kama *ikikumbuka*, *ikitambua*, *ikisikitishwa*, kila moja inaishia na mkato. Halafu vifungu vya utekelezaji vinapewa namba, kila kimoja kinaanza na kitenzi: *inahimiza*, *inaomba*, *inaamua*, na kinaishia na nuktamkato. Nukta ni moja tu, mwisho kabisa.

Ukifuata hiyo, karatasi yako itapendeza. Na "kwa kuwa" tano si nyingi, nimeona za kwetu zikifika kumi na mbili.

---

AliyekoOhio · Jumanne, saa 5:05 usiku

Mimi ni mzaliwa wa Kayole, kwa sasa niko Marekani kwa uzamili na ninakaa kwenye seneti ya wanafunzi hapa. Huku jambo hili limekomaa mpaka linachosha, lakini kuna mambo mawili mnaweza kuiba.

La kwanza, wanatenganisha muswada na azimio. Muswada hubadilisha kanuni za chama au hutoa pesa za chama, yaani vitu ambavyo wanafunzi wenyewe wana mamlaka navyo. Azimio ni kauli: hapa tumesimama, na haya ndiyo tunayowaomba wengine. Ukichanganya hivyo viwili mtu anakurudishia karatasi hata kabla haijasomwa.

La pili, azimio lina mwenyewe. Juu kabisa kuna namba, kichwa, na majina ya waliolileta. Linasomwa mara ya kwanza bila mjadala, linakwenda kamatini, kamati inawaita watu wanaohusika na kuwauliza maswali, ndipo linarudi kusomwa mara ya pili na kupigiwa kura. Vyuo vingi rais wa wanafunzi hutia sahihi au hulikataa. Hiyo ya kulikataa msiichukue, mtagombana bure.

Ile hatua ya kamati ndiyo inayofanya kazi. Sijaona kwenye maelezo yako mahali mlipomuuliza mtu yeyote wa maktaba chochote.

---

MezaYaKarani · Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Mdogo wangu Katibu, nimesoma swali lako kwenye matatu na nimefika kazini mapema, acha nikujibu kabla simu hazijaanza.

Mimi huandika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, kwenye bunge la kaunti, kaunti gani haijalishi. Kabla ya hapo, enzi zangu za chuo, nilikuwa spika wa wajumbe. Kwa hiyo maisha yangu yote ya ukubwani nimekaa nikisikiliza watu wakisema "kwa kuwa".

Soma tena swali lako, halafu soma rasimu yako. Kwenye swali umetuambia kwamba masomo ya jioni huisha saa mbili na maktaba hufungwa saa mbili. Hilo peke yake linamaliza ubishi. Hakuna mtu mwenye akili timamu, hata awe mgumu namna gani, atakayesoma hilo asielewe kwamba kuna jambo halikupangwa vizuri. Sasa nionyeshe liko wapi kwenye rasimu. Halimo! Ulipoketi kuandika "azimio" ukavaa koti, ukatuletea ufunguo wa maisha. Makomredi wengi hufanya hivyo, na waheshimiwa ninaowaandika kila wiki pia, tena wao wanalipwa.

Azimio huanzwa kuandikwa kutoka chini. Weka kando hizo "kwa kuwa" zote. Chukua karatasi tupu uandike kifungu kimoja: nani afanye nini, kufikia lini. "Utawala" si nani. Utawala hauna dawati, hauna simu, haupandi lifti. Saa za maktaba zinaamuliwa na mtu fulani, na kwa kawaida huyo ni mkutubi mkuu, ambaye bajeti ya zamu za wahudumu wake inapitishwa na mtu mwingine juu yake. Azimio likielekezwa kwa "utawala" hutua kwa mkuu wa wanafunzi, naye hana ufunguo wa maktaba. Atafanya nini zaidi ya kugonga muhuri? Usimlaumu sana.

Enzi zetu bweni letu halikuwa na maji ghorofa za juu. Waliotutangulia walikuwa wameazimia mara kadhaa na kumpelekea naibu chansela, na kila mara hotuba iliyoandamana na azimio ilikuwa nzuri kuliko ya mwaka uliopita. Sisi tulikuwa na mjumbe mmoja wa uhandisi, msichana mkimya sana, aliyepanda hadi kwenye tanki na kurudi na habari kwamba valvu ya bomba la nyuma imeshika kutu ikiwa nusu wazi. Azimio letu lilikuwa nusu ukurasa. Tulimwandikia afisa wa majengo kwa cheo chake, nakala kwa mkuu wa wanafunzi, tukataja valvu ile na iko upande gani wa jengo. Fundi alikuja na spana. Mwenyekiti wetu alisikitika kidogo kwamba hakupata nafasi ya kuhutubia.

Kwa hiyo kabla ya Alhamisi, nenda kwa mkutubi. Usiende na wenzako ishirini. Nenda wewe na mjumbe mmoja wa masomo ya jioni, mwulize kwa heshima: "Mama (au Mzee), kitu gani kinakuzuia kufunga baadaye kidogo?" Halafu nyamaza. Jibu lake ndilo litakuandikia azimio. Mara nyingi kizuizi ni kidogo kuliko mnavyodhani: zamu ya watu wawili, malipo ya saa za ziada, nauli.

Sasa vitenzi. Hapa ndipo watu huchekwa. Wajumbe wa wanafunzi wanaweza *kuagiza* vyombo vyao wenyewe tu: kamati zao, katibu wao, mweka hazina wao. Kwa ofisi ya chuo mnaweza *kuomba*, *kupendekeza*, *kuhimiza*. Mkiandika "kinauagiza utawala" msomaji anajua papo hapo kwamba mwandishi hafahamu mamlaka yake yanaishia wapi, na kuanzia hapo anasoma akitabasamu. Neno dogo ukilitumia mahali pake lina uzito. Na ukiweka kifungu kinachowaagiza nyinyi wenyewe kufanya jambo, anayeombwa anaona hamjaja kumtwika mzigo peke yake.

Mada iwe moja. "Kushughulikia maslahi yote ya wanafunzi" ondoa kabisa. Kifungu kama hicho humpa mtu nafasi ya kujibu kwamba maslahi yanaendelea kushughulikiwa.

Halafu tarehe. Mjumbe wa Gigiri amekwambia habari za mkato na nuktamkato, na si vibaya, lakini kule kwao kuna jambo kubwa zaidi la kujifunza. Tarehe 2 Machi 2022, hapo hapo Gigiri kwenye ofisi za UN Nairobi, Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipitisha azimio nambari 5/14 kuhusu taka za plastiki. Ukiondoa aya zote za mwanzo, kiini chake ni kwamba Mkurugenzi Mtendaji wa UNEP, shirika la mazingira la UN, anaombwa kuitisha kamati ya majadiliano, ianze kazi nusu ya pili ya 2022, ikikusudia kumaliza kufikia mwisho wa 2024. Nani, nini, lini. Mwisho wa 2024 ulifika na mkataba haukuwepo. Lakini kwa sababu tarehe ilikuwa imeandikwa, dunia nzima iliweza kunyoosha kidole na kusema imepita. Wewe ukiandika "mara moja", itapita lini?

Bunge la Taifa nalo halikuacha hivi hivi. Kanuni za Kudumu zinataka Waziri anayehusika aripoti kwa Bunge ndani ya siku 60 tangu azimio lipitishwe, na kuna kamati nzima ya kufuatilia utekelezaji. Kama Bunge lenye askari mlangoni linahitaji kamati ya kukumbusha, sembuse nyinyi. Wekeni kifungu cha mwisho kinachomwagiza katibu, yaani wewe, kusoma majibu mbele ya wajumbe siku fulani, au kutangaza kwamba majibu hayakuja. Hiyo ya pili hutangazwa kwa sauti na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Utashangaa jinsi ofisi zinavyochukia kuandikwa kwamba hazikujibu.

Ukishapata vifungu, ndipo urudi juu kwenye "kwa kuwa". Kila moja iwe inashikilia kifungu fulani kule chini. Ifute kwa kidole, uulize: kuna kilichoanguka? Kama hakuna, haikuwa na kazi. Ufunguo wa maisha ukiondoka hakianguki kitu. Vyuo vya ng'ambo vikiondoka hakianguki kitu, na zaidi mkutubi atakuuliza kama mna bajeti ya ng'ambo. "Utawala umeendelea kupuuza" ni tusi lililovaa tai, na unamwomba kitu mtu huyo huyo unayemtukana. Zitabaki mbili au tatu. Zinatosha.

Siku ya kikao: toa taarifa ya hoja mapema, na rasimu iwafikie wajumbe kwa maandishi. Awepo mtoa hoja na wa kumuunga mkono, na ikiwezekana mtoa hoja asiwe wewe, awe mwanafunzi wa jioni. Hesabu akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo, kabla ya kura, sio baada ya mtu kulalamika. Bunge la Taifa lina wabunge 349 na Katiba inataka 50 tu wawepo, yenu angalieni katiba ya chama. Marekebisho yaletwe yameandikwa, kwa umbo hili: *katika kifungu cha 2, ondoa maneno haya, weka maneno haya.* Mjumbe akisimama kusema "mimi naona tungeiboresha kidogo", mpe karatasi na kalamu, aketi aandike. Nusu yao hawatarudi. Na jambo moja ambalo watu hulishangaa: jadilini na kurekebisha vifungu vya chini kwanza, "kwa kuwa" mwisho. Ndivyo anavyoelekeza Henry Robert, yule mwanajeshi wa Marekani ambaye kitabu chake cha kanuni za mikutano kilitoka mwaka 1876 na ambacho akina Ohio wanakitumia mpaka leo. Sababu iko wazi: mkishabadilisha ombi, huenda sababu nazo zikabadilika.

Spika wangu amefika. Nitarudi jioni.

---

Mjumbe_Gigiri · Jumatano, saa 1:02 asubuhi

Nimesomeshwa bure leo. Lakini nuktamkato nazitetea.

---

WakiliMtarajiwa_Ngara · Jumatano, saa 7:30 mchana

Niongeze upande wa sheria kwa ufupi, niko mwaka wa tatu wa sheria na mhadhiri amechelewa.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, baada ya kurekebishwa 2016, ndiyo iliyobadilisha mambo. Wanafunzi wa kila kitivo au idara huchagua wawakilishi watatu, wasizidi wawili wa jinsia moja, na hao ndio wanaochagua baraza: mwenyekiti, naibu wake wa jinsia tofauti, katibu mkuu, mweka hazina, na wengine watatu wa makundi yenye mahitaji maalumu. Muhula ni mwaka mmoja, na unaweza kurudi mara moja tu. Kwa hiyo Katibu, faili lako limepitia mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na mwaka mmoja. Ndiyo maana hakuna aliyefuatilia la mwenzake. Tarehe za kujibiwa ziwekwe ndani ya muhula wako.

Sheria hiyo hiyo inataja kazi za baraza, na mbili zinakuhusu: kufikisha mahitaji maalumu ya wanafunzi kwa mamlaka inayohusika, na kutoa mapendekezo kwa Seneti ya chuo kuhusu ustawi wa wanafunzi. Ukitaka "kwa kuwa" ya kisheria, chukua hiyo badala ya haki ya elimu kwa ujumla wake. Inaonyesha umetumwa na nani na unampelekea nani.

Tena, kwa kuwa chuo ni cha umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa njia nyingine. Unaweza kuomba kwa maandishi nakala ya uamuzi uliopanga saa za maktaba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikikaa kimya, Tume ya Haki ya Utawala ipo ya kupelekewa malalamiko. Ila usiandike hayo ndani ya azimio. Kutishia mtu na tume kwenye karatasi ya kumwomba muda wa ziada ni kuharibu. Barua ya kuomba habari iwe barua yake peke yake.

---

KatibuMpya · Ijumaa, saa 2:15 usiku

Nimekwenda kwa mkutubi. Nilienda na dada mmoja wa masomo ya jioni anayefanya kazi benki, amevaa sare yake. Mkutubi alitukaribisha tukae, na akaniuliza kama mimi ndiye ninayeandika zile karatasi zenye herufi kubwa. Nikasema ni mtangulizi wangu.

Mama ameeleza hivi. Askari si tatizo, wa usiku huwa tayari ameingia zamu saa kumi na mbili na analinda jengo hata likiwa tupu. Tatizo ni wahudumu wawili wa dawati la kuazimia vitabu. Wote wanakaa mbali, na mmoja alishawahi kuporwa simu akisubiri matatu usiku. Saa za ziada anaweza kuzipanga kwa kubadilisha zamu, mmoja aingie mchana badala ya asubuhi. Usafiri ndio hawezi. Kumbe basi la chuo linalowapeleka wanafunzi wa jioni mjini huondoka saa tatu na dakika arobaini, na nusu ya viti ni vitupu, dada wa benki ndiye aliyesema hivyo papo hapo, maana hulipanda kila siku. Mama akamtazama, akachukua kalamu.

Rasimu mpya:

*AZIMIO NA. 3. Kuhusu saa ya kufunga maktaba kuu siku za masomo ya jioni.*
*Mtoa hoja: mjumbe wa masomo ya jioni. Anayeunga mkono: mjumbe wa kitivo cha biashara.*

*KWA KUWA ratiba ya muhula huu inaonyesha kwamba masomo ya jioni humalizika saa mbili usiku, Jumatatu hadi Alhamisi (ratiba imeambatanishwa);*
*KWA KUWA maktaba kuu hufungwa saa mbili usiku siku hizo hizo, na wanafunzi wa jioni hawana muda wowote wa kuitumia baada ya masomo;*
*KWA KUWA mkutubi mkuu amekieleza chama kwamba kinachozuia ni usafiri wa wahudumu wawili baada ya kazi;*
*HIVYO BASI wajumbe:*
*1. wanamwomba mkutubi mkuu aongeze saa za kufunga hadi saa tatu unusu usiku, Jumatatu hadi Alhamisi, kwa majaribio hadi mwisho wa mitihani;*
*2. wanaiomba ofisi ya usafiri iwaruhusu wahudumu wa zamu hiyo kupanda basi la wanafunzi la saa tatu na dakika arobaini hadi mjini;*
*3. wanaiagiza kamati ya masomo ya chama ihesabu watumiaji wa maktaba kila usiku wa majaribio na kumpa mkutubi hesabu hiyo kila Ijumaa;*
*4. wanamwagiza katibu mkuu awasilishe azimio hili kwa ofisi zote mbili, na kwenye kikao kijacho cha wajumbe asome majibu au atangaze kwamba hayajaja.*

Kuna wajumbe wanalalamika kwamba saa tatu unusu ni kidogo, wanataka saa sita. Mmoja ameniita msaliti kwenye kikundi cha WhatsApp.

---

AliyekoOhio · Ijumaa, saa 4:50 usiku

Wa saa sita mpe karatasi na kalamu. Aandike wahudumu watarudi nyumbani na nini.

Kifungu cha 3 kimenifurahisha kuliko vyote. Mkimaliza majaribio mtakuwa na hesabu za kila usiku, na azimio litakalofuata la kufanya saa hizo ziwe za kudumu litajiandika lenyewe.

---

MezaYaKarani · Jumamosi, saa 4:10 asubuhi

Vizuri sana. Ningekuwa mezani pako ningeshika mambo machache tu.

Kifungu cha 1, "aongeze saa za kufunga": saa za kufunga haziongezwi. Sema "aifunge maktaba saa tatu unusu usiku badala ya saa mbili". Taja majaribio yanaanza Jumatatu ipi, kwa tarehe, na mitihani inaisha lini, kwa tarehe. Kifungu cha 4 pia, "kikao kijacho" ni lini? Vikao huahirishwa. Weka tarehe.

Kifungu cha 2, tafuta jina kamili la cheo cha anayesimamia usafiri. "Ofisi ya usafiri" ni ndugu yake "utawala".

La muhimu zaidi ni "kwa kuwa" ya tatu. Huyo mama alizungumza nanyi akiwa amekaa kitini kwake, kwa wema. Ukimnukuu kwenye karatasi itakayosomwa na wakubwa wake, inaweza kuonekana ameungana na wanafunzi kulalamika kwamba chuo hakiwapi wafanyakazi usafiri. Mwonyeshe rasimu kabla ya Alhamisi, sentensi hiyo hasa. Akisita, andika "chama kimearifiwa kwamba" na umwache nje. Utamhitaji miaka yote miwili ukirudi madarakani, na atakayekufuata atamhitaji pia.

Kuhusu kuitwa msaliti: usijibu kwenye WhatsApp. Jibu ni kikao.

---

KatibuMpya · Jumatatu, saa 6:25 mchana

Nimemwonyesha. Amekubali sentensi ibaki kama ilivyo, ameongeza hata jina la cheo cha yule wa usafiri kwa mkono wake. Ameomba kitu kimoja tu: tuondoe neno "mkuu" kwenye "mkutubi mkuu" kila lilipotokea, maana yeye bado anakaimu.